Marsabit ina hali ya hewa mbili, ya juu na ya chini

Mwisho wa mwezi uliopita mama mmoja wa Karare alinipigia simu saa mbili usiku, ana mbuzi kama sitini hivi, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, simu ya kijana wangu inasema kesho mvua Marsabit, nianze kushuka na mbuzi Kargi ama ningoje?" Nikamwambia mama, hiyo simu haijakudanganya lakini pia haijakusaidia, sababu Marsabit inayosemwa hapo ni ya wapi? Mvua ya kesho ni manyunyu ya alfajiri ya huku mlimani, yatalowesha majani na mabati na kufikia saa nne yameisha, na kule Kargi siku hiyo hiyo ni jua kavu na upepo wa kurusha mchanga machoni. Akanyamaza kidogo, akasema "basi nangoja."

Kazi yangu ni hali ya hewa, nimesoma vipimo huku kaskazini mwa Kenya miaka mingi, na hili swali naulizwa karibu kila msimu, na wafugaji, na madereva wa lori, hata walimu wanaoposti picha ya simu yenye kawingu na matone matatu wakiuliza kama ni kweli. Kwa hivyo leo acha nieleze kwa urefu.

Anza na urefu wa ardhi. Mji wa Marsabit uko kama mita 1,340 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya jangwa la Chalbi iko karibu mita 370 tu, yaani ukishuka kutoka sokoni mpaka kule kwenye chumvi umeteremka karibu kilomita nzima kwenda chini. Hewa kavu ikishuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto, kama nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Ndio maana mtu anatoka mjini saa sita mchana amevaa sweta, kipimajoto kinasoma 24, akifika chini anakuta 34 na zaidi na sweta iko mabegani. Si kwamba jua la chini ni lingine, ni hewa ile ile imeteremka.

Sasa ongeza upepo. Karibu mwaka mzima upepo wetu unatoka kusini mashariki, umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi, unapita nchi tambarare kavu bila kusimama mahali, halafu ghafla unagonga mlima. Hauna pa kwenda, unapanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unyevu unageuka kuwa ukungu, na huo ukungu ndio unalisha msitu wetu, ingia pale alfajiri usimame chini ya mti wenye ndevu za kuvu utasikia matone yanaanguka tap tap kama kuna mvua, na ukitoka nje ya miti hakuna mvua yoyote, ni majani yamechuja ukungu. Mlima ukishachukua chake, hewa inashuka upande wa pili kuelekea Maikona na Chalbi ikiwa imeishiwa. Kwa mwaka mlimani tunapata karibu milimita 700 hadi 800, na kule chini sehemu nyingi hazifiki 200. Mwendo wa gari wa saa chache tu huo.

Na kuna upepo mwingine, huu ndio naupenda kuuelezea kuliko wote. Kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya kuna bonde kama mlango, na upepo wa kusini mashariki ukiingia hapo unakimbia, si unajua ukibana mdomo wa paipu ya maji vile maji yanaruka mbali? Ni hivyo. Mwaka 1982 wanasayansi wawili, Kinuthia na Asnani, waliandika kuhusu huo mkondo wa upepo wa Turkana, na 2021 watafiti walirusha maputo ya vipimo kutoka hapa Marsabit kuufuata saa baada ya saa. Unakuwa na nguvu zaidi usiku wa manane mpaka alfajiri, kwa hivyo ukisikia mabati yanalia saa tisa usiku huku mchana palikuwa shwari, hakuna ajabu, ndio saa yake. Mitambo ile 365 ya umeme wa upepo kule upande wa Loiyangalani imewekwa pale kwa sababu ya upepo huu. Lakini upepo huo huo ndio unatunyima mvua, unabeba unyevu kasi kupitia juu ya vichwa vyetu na kuupeleka kaskazini magharibi, mawingu hayapati nafasi ya kutulia na kukua. Watu wanasema jangwa letu ni kukatwa kwa miti, na miti ni muhimu kweli, naipigania kila siku, ila Chalbi ilikuwa kavu kabla ya panga kufika.

Misimu mnaijua kuliko mimi. Ganna, mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, halafu adolessa yenye baridi na ukungu huku juu, halafu hagaya, mvua fupi za Oktoba na Novemba, halafu ile bona ndefu, kiangazi, ya kuanzia Desemba. Hagaya tunaweza kuiona mapema kidogo, sababu inafuata joto la bahari: Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yanasogea kwetu, na ikiwa kinyume tunakauka. Mwaka 2019 ilikuwa upande wetu, 2023 pia pamoja na El Niño, mkaona mafuriko yale. Ganna ni ngumu. El Niño haiishiki vizuri, bahari haisemi wazi, kwa hivyo mtu akikuambia Januari ati ana uhakika ganna itakuwa nzuri, usiuze wala usinunue mnyama kwa maneno hayo.

Hapo kwa uhakika ndipo watu wanachanganyikiwa sana, na sisi wataalamu tumechangia maana tunasoma asilimia redioni tunaenda zetu. Utabiri ukisema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuzidi kawaida, maana yake ni hii. Chukua misimu 30 iliyopita, ipange kutoka mkavu kabisa mpaka wenye mvua kabisa, kata mafungu matatu ya kumi kumi. Bila kujua chochote kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Sasa weka mawe 100 kwenye mfuko, 45 ya kijani (mvua kuzidi kawaida), 33 ya kijivu (kawaida), 22 mekundu (chini ya kawaida), ingiza mkono bila kuangalia. Kijani kimezidi, ndio, lakini mekundu 22 bado yako ndani, na msimu ni mkono mmoja tu, huingizi mara mbili. Niliwahi kueleza hivi kwenye baraza, mzee mmoja akasema basi yeye atahamisha nusu ya mifugo na nusu atabakisha. Hakuna mtu amewahi kuuelewa utabiri wangu vizuri kuliko huyo mzee.

Kuhusu apu za simu, zile za bure karibu zote zinatumia modeli za dunia nzima zinazokata ardhi miraba miraba, upande mmoja kilomita 9, nyingine 13, nyingine 25. Ndani ya mraba mmoja wa 25 mlima wetu na ukingo wa jangwa vinachanganywa kuwa kilima kimoja cha wastani ambacho hakipo mahali popote duniani. Halafu ukiandika "Marsabit" inaweza kuchukua mji, na wewe uko Laisamis. Kwa upepo na joto la siku mbili tatu ziko sawa, nazitumia mwenyewe. Kwa mvua ya radi ya alasiri hapana, hiyo wingu moja linanyesha boma moja linaacha lingine kilomita tano.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni mvua yenyewe ikija baada ya ukame. Kuanzia hagaya ya 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa, mnakumbuka mizoga kando ya barabara, na Machi 2023 mvua iliporudi watu walishangilia usiku, asubuhi mbuzi wamelala wamekauka kama mbao. Hawakuzama wote, wengi waliuawa na baridi. Mnyama aliyekonda hana mafuta ya kujipasha, manyoya yakilowa na upepo ukipiga usiku joto la mwili linatoka haraka kuliko anavyoweza kulirudisha. Kwa hivyo mvua ya kwanza ya msimu, kama mifugo ni dhaifu, tafuta pa kuwakinga upepo kwanza, hata turubai upande wa kusini mashariki, na usiwalaze ndani ya laga, yaani mkondo wa mto mkavu. Laga inakuja na maji ya mvua iliyonyesha Hurri Hills ama mlimani wakati juu yako kuna nyota. Na madereva, Chalbi ikinyeshewa ule ukoko mweupe unabaki unaonekana mgumu, chini ni ugali, usiamini nyayo za gari la jana.

Nawaomba kitu kimoja. Vituo vya kupima mvua huku chini ni vichache sana, kuna sehemu kubwa kama wilaya nzima ya zamani haina hata kimoja kinachosomwa kila siku. Ukiwa na gauji, yaani kipima mvua, ya plastiki ya bei rahisi, ifunge kwenye nguzo ya boma, mbali na nyumba na miti yenye majani, isome kila siku saa tatu asubuhi, mwaga, andika, hata kama ni sufuri andika sufuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hivyo paa la mabati la mita 5 kwa 8 likipata milimita 10 ni lita 400 za tangi, hesabu hiyo peke yake itakufaidi. Nitumieni namba za Kalacha, North Horr, Kargi, Bubisa. Mama wa Karare ameshaanza, kijana wake alinitumia ya kwanza jana: milimita 2 mlimani, na shangazi yake aliye Kargi akasema sufuri.