Bega linalouma usiku: lipigwe eksirei kabla ya kuchuliwa

Mara nyingi kijana hutufikia hapa Moshi bega likiwa limeshachuliwa, limeshachanjwa na kupakwa kila dawa. Mzazi alidhani aliumia mpirani. Simlaumu, maana osteosakoma, saratani ya mfupa, huwapata zaidi wenye miaka 10 hadi 20, umri wa kuanguka kila siku. Hupenda magoti, kisha sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, pale begani. Kwa mtu mzima, uvimbe wa hapo huweza kuwa umetoka kwingine: titi, tezi dume au figo. Maumivu yanayoamsha usiku, uvimbe unaokua, mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo: nenda hospitali ya wilaya ukapige eksirei. Wakiona mashaka watakupa rufaa, iwe Mawenzi au KCMC, hospitali za rufaa za hapa Moshi.

Baada ya eksirei huja picha za kina zaidi, MRI ya bega na CT ya kifua, kwani saratani hii hukimbilia mapafu. Kisha kinyama cha uvimbe huchukuliwa kwa sindano kupimwa maabara, na hapo ndipo mikono mingi hupotea bure. Njia ilimopita sindano hubaki na chembe za saratani, hivyo nayo lazima ikatwe siku ya upasuaji. Ikipitishwa pasipofaa, mkono uliokuwa unaokoleka huenda usiokoleke tena. Achukue kinyama daktari atakayepasua, au wapange pamoja. Na tafadhali, mtu asiupasue uvimbe huo eti atoe usaha.

Zamani tiba ilikuwa kukata mkono wote. Tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ilipoingia miaka ya 1970 mambo yalibadilika. Mwenye osteosakoma hupewa dawa hizo kwanza kwa wiki kadhaa, ndipo tunaondoa kipande cha mfupa chenye uvimbe pamoja na nyama nzima inayokizunguka. Pengo hujazwa na mfupa wa chuma. Shina lake huingizwa ndani ya mfupa uliobaki na kushikwa na saruji maalumu. Uvimbe ukiwa umekumbatia mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, kukata mkono bado huwa ndiyo njia salama.

"Daktari, nitanyanyua mkono?" Inategemea kama msuli wa bega na mshipa wa fahamu unaouendesha vimebaki. Vikiondolewa, mkono haupandi juu ya bega. Kukata mkungu wa ndizi atasaidiwa na ndugu. Kiwiko na vidole hubaki na kazi yake: atakula, ataandika, atafunga vifungo vya shati. Napenda haya yasemwe kabla ya kusaini fomu, mama na baba wakiwepo.

Mkono hutundikwa shingoni wiki 4 hadi 6 hivi, mazoezi yakiongozwa na mtaalamu. Tibakemikali huendelea kidonda kikipona. Chuma hakipitiwi na damu, kwa hiyo vijidudu vikikishika, dawa huvifikia kwa shida: homa, jipu au kidonda kinachotoa maji, mgonjwa arudi siku hiyo hiyo. Kifua nacho kitapigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, hata bega likiwa haliumi kabisa.