Darubini ya Kuwindia: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Inayovuta zaidi ndiyo bora

Hii ndiyo inayowapotezea hela wawindaji wengi wa Kanda ya Ziwa. Namba 8x42 ina maana darubini inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Ya 20x50 inakupa 2.5 tu, wakati alfajiri mboni ya mtu mzima hufunguka milimita 5 hivi. Matokeo yake giza linakuzidi saa ileile nyamera wako nje wanakula.

Halafu inachovuta si mnyama peke yake, bali na mtetemo wa mkono wako. Ukipita mara 10 bila egemeo, pembe zinachezacheza huwezi hata kujua kama ni dume. Jua likipanda, mawimbi ya joto juu ya mbuga nayo yanakuzwa.

Ya mkononi, chukua 8x42 au 10x42. Ya bunduki, 3-9x40 (unaweza kuibadilisha ivute mara 3 hadi 9) inatosha kwa swala. Kwa nyati, ya kuanzia 1 au 1.5. Tembea ukiwa umeiweka kwenye namba ya chini kabisa. Mnyama akikurupuka kichakani mita 30 na wewe uko kwenye 9, utaona manyoya tu.

Zile zinazotembezwa mitaani zimeandikwa 60x60, ziache. Hazivuti hivyo, na lenzi zake nyekundu zinarudisha nje mwanga uliotakiwa kuingia.

Dhana: Kioo cha bei ya juu ndicho kinacholenga

Kioo kinaonyesha. Kinachoshikilia shabaha ni springi na skrubu za ndani, na teke la bunduki kubwa kama ya .375 ndilo linalozichosha. Ukiwa na fedha ya kutosha jambo moja tu, nunua uimara.

Ipime darubini ya bunduki hivi kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mita 100. Piga risasi 3 katikati. Zungusha kitufe cha kurekebisha shabaha kliki 20 juu, piga. 20 kulia, piga. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga. Kila mara lenga alama ileile ya katikati. Kwa darubini ya kliki za robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), kila kliki ni kama milimita 7, kwa hiyo utapata mraba wa sentimita 14 hadi 15 kila upande, na risasi ya mwisho irudi kwenye kundi la kwanza. Isiporudi, darubini hiyo haifai kupigia mnyama, hata kama kioo chake kinang'aa namna gani.

Ila kabla hujailaumu, kagua vishikio vinavyoifunga kwenye bunduki. Mara nyingi tatizo liko hapo. Safisha mafuta kwenye skrubu, kaza zile za pete zinazoizunguka darubini kwa takribani Nm (nyutoni-mita) 2 kwa spana yenye kipimo (fuata maelekezo ya kiwanda yakitaja namba nyingine), kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Baada ya safari ya barabara ya vumbi, mstari uliokatika unakuonyesha iliyolegea.

Dhana: Lazima lenzi ya milimita 56

Hizo zinapendwa Ujerumani kwa kuvizia nguruwe pori kwa mwanga wa mwezi. Kwetu sheria inakataza kuwinda usiku, na lenzi kubwa inainua darubini hadi shavu linaachana na kitako.

Dhana: Haipiti maji, basi iko salama

Mpira ukizuia maji, kuvu bado huota juu ya kioo kwa nje, na asidi yake hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya lenzi. Pembezoni mwa ziwa, wakati wa masika, mkoba wa ngozi ni kitalu chake. Hifadhi darubini kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, uvikaushe vikishanyonya unyevu. Kabla ya kufuta lenzi, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira au litoe kwa brashi laini. Chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inaacha mkwaruzo usiotoka.