Kitambi cha Miaka Arobaini: Maswali na Majibu Kuhusu Umetaboli na Umri

Umetaboli si ndiyo mmeng'enyo wa chakula?

Hapana, ingawa wengi huvichanganya. Mmeng'enyo ni kazi ya tumbo na utumbo: kuvunjavunja ugali mpaka uweze kuingia kwenye damu. Umetaboli ni kinachofuata, pale seli zinapochoma kilichoingia ili moyo upige, ubongo ufikiri na mwili upate joto. Hata ukishinda kitandani, moto huo unawaka. Kwa mtu asiyefanya kazi za sulubu, ndio unaotumia sehemu kubwa ya nguvu za siku nzima.

Nina miaka 43. Nakula vilevile kama nilipokuwa na 25, mbona kitambi kinakuja? Si mwili umepoa?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake halipendwi. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ulihusu watu zaidi ya 6,400 katika nchi 29, kuanzia kichanga cha siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, mtoto wa mwaka mmoja anachoma nguvu kwa kasi inayozidi ya mtu mzima kwa karibu asilimia 50. Kasi hiyo inashuka taratibu hadi kwenye miaka 20, kisha inatulia mpaka 60. Hata kwa akina mama, kukoma hedhi hakukuonekana kuishusha.

Kwa hiyo moto haujapoa. Maisha ndiyo yamebadilika. Ulipokuwa na 25 ulitembea hadi stendi na jioni ukacheza mpira. Leo bodaboda inakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni. Na hiyo "vilevile" tuihesabu kidogo: vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni kalori zaidi ya 140 kabla hujagusa chapati. Juu ya hapo, misuli huanza kupungua kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini, na mafuta yanakaa mahali pake. Mizani inaweza isikuonyeshe. Suruali itakuonyesha.

Na baada ya miaka 60?

Hapo ndipo kasi inapungua kweli, kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka. Mtu wa miaka tisini na kitu hutumia karibu robo pungufu ya mtu wa makamo, hata ukizingatia kwamba mwili wake umepungua.

Kosa ninaloliona sana majumbani ni hili: bibi hana hamu ya kula, basi anapewa chai ya rangi na mkate asubuhi, uji mweupe jioni, na watu wanaridhika kwamba "amekula". Amekula wanga. Misuli yake inahitaji protini, pengine kuliko ya kijana. Uji uleule ungetiwa maziwa au unga wa karanga. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi hawahitaji hata meno. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza.

Mazoezi yatauchochea moto huo?

Si sana kama tunavyotangaziwa. Pontzer huyohuyo na wenzake waliwapima Wahadzabe, wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi hapa Tanzania, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama. Matokeo ya mwaka 2012 yaliwashangaza: ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, nguvu wanazotumia kwa siku hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa.

Hata hivyo usiache. Mazoezi yanalinda misuli, na misuli ndiyo inayofyonza sukari nyingi kutoka kwenye damu baada ya mlo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kazi za nguvu siku mbili. Huhitaji jimu. Keti kwenye kiti cha mezani, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika popote, keti tena, mara kumi. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita 5: hizo ni kilo tano za bure.

Vipi kuhusu chai na vidonge vya kuchoma mafuta?

Okoa hela yako ununue maharage.

Nitajuaje kuwa tatizo ni ugonjwa?

Ukiongezeka uzito huku unasikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho, umechoka daima, choo kigumu na ngozi kavu, huenda tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kinaonyesha, na dawa zipo. Kinyume chake, anayekonda ilhali anakula vizuri, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, naye apimwe tezi, pamoja na kisukari. Mzee akikonda bila kukusudia, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.