Kwa nini wachezaji wawili wa gofu wakiungana hupunguziwa handikapu?

Mchezaji mwenye handikapu ya 20 anayejiandikisha katika mashindano ya timu za watu wawili anaweza kushangaa akipokea kadi na kukuta imeandikwa 17. Hakuna kosa alilotenda, wala kamati haimshuku kwamba ameikuza handikapu yake kwa hila. Amepunguziwa kwa sababu safari hii ana mwenzake, na faida ya kuwa na mwenzake katika gofu inaweza kupigiwa hesabu.

Handikapu ni idadi ya mikwaju (mapigo ya mpira, ambayo yakiwa machache ndiyo bora) ambayo mchezaji huondolewa kwenye jumla yake ili aweze kushindana kwa haki na aliye hodari kuliko yeye. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi hutumia mfumo mmoja wa dunia unaosimamiwa na R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu. Katika mfumo huo huchukuliwa matokeo 20 ya karibuni, yakachambuliwa 8 yaliyo bora, na wastani wa hayo 8 ndio msingi wa handikapu, ambayo haizidi 54. Namba hiyo kisha hurekebishwa kulingana na ugumu wa uwanja unaochezewa. Kwa kuwa raundi mbaya zimeachwa nje, handikapu huonyesha kile ambacho mchezaji anaweza kukifanya siku yake ikiwa njema, na si kile anachokifanya kila siku. Wengi hulisahau jambo hili, kisha hulalamika kwamba handikapu zao ni ndogo mno.

Katika mtindo unaopendwa zaidi, ule wa mipira minne, kila mchezaji hucheza mpira wake mwenyewe hadi mwisho wa shimo, na timu huhesabiwa matokeo yaliyo bora kati ya mawili. Faida yake huonekana wazi tukiacha gofu kidogo na kuchukua dadu. Wastani wa dadu moja yenye namba 1 hadi 6 ni 3.5. Ukirusha dadu mbili za namna hiyo na kuhesabu tu iliyo ndogo, kama timu inavyohesabu mikwaju michache, wastani hushuka hadi kama 2.5. Sasa chukua dadu mbili nyingine ambazo nyuso zake ni 3 na 4 tu, nusu kwa nusu: wastani wa kila moja ni uleule 3.5, lakini ukihesabu iliyo ndogo unapata 3.25. Dadu zinazoyumba zimepunguza karibu namba nzima, ilhali zilizotulia zimepunguza robo tu. Mchezaji mwenye handikapu kubwa kwa kawaida ndiye dadu inayoyumba, kwani leo shimo hilohilo analimaliza kwa mikwaju 4 na kesho kwa 9. Akicheza peke yake, ile 9 humwandama hadi kwenye jumla ya mwisho. Akiwa na mwenzake, 9 hutupwa na 4 hubaki. Kwa sababu hiyo punguzo huwekwa kwa asilimia, ili mwenye handikapu kubwa akatwe mikwaju mingi kuliko mwenye ndogo.

Kiwango kinachopendekezwa kwa mipira minne ni asilimia 85 ya handikapu pale timu zote zinaposhindana kwa jumla ya mikwaju, na asilimia 90 pale timu mbili zinapokabiliana shimo kwa shimo. Tuseme timu moja ina wachezaji wenye 6 na 15, na nyingine ina wenye 10 na 22, nao wanakabiliana. Asilimia 90 ya namba hizo, zikikaribishwa kwenye namba nzima, ni 5, 14, 9 na 20. Mwenye 5 huchukuliwa kuwa sifuri, na wengine hupewa tofauti kati yao na yeye, yaani 9, 4 na 15. Mashimo 18 ya uwanja yana namba za ugumu, 1 hadi 18, na mikwaju hugawiwa kuanzia namba 1. Kwenye shimo la namba 3 watatu hao wote wanapata mkwaju mmoja kila mmoja. Kwenye la namba 12 ni yule aliyepewa mikwaju 15 peke yake. Kwenye la namba 17 hakuna anayepata kitu.

Hesabu hubadilika timu inapocheza mpira mmoja kwa zamu, mtindo uliomo katika Kombe la Ryder, mashindano ya timu za Ulaya na Marekani, tangu lilipoanza mwaka 1927 (ule wa mipira minne uliingia humo mwaka 1963). Hapa hakuna mpira wa pili wa kuficha aibu, hivyo timu hupewa nusu ya jumla ya handikapu zake: 8 na 20 hutoa 14. Katika mtindo ambao wote wawili hupiga, wakachagua mkwaju bora, kisha wote wakapiga tena kutoka hapo, kosa hufutwa kwenye kila mkwaju. Punguzo lake kwa hiyo ni kali mno: asilimia 35 ya handikapu ndogo na 15 ya kubwa, kwa hiyo wale wale wa 8 na 20 huambulia 6 tu.

Kwa upande wa kanuni, mtindo wa zamu ndio wenye mitego. Mmoja huanzisha mashimo ya namba witiri na mwenzake ya namba shufwa, kisha hupokezana, na mikwaju ya adhabu haibadilishi zamu. Mpira wa kwanza ukitoka nje ya mipaka, anayepiga tena kutoka mwanzo wa shimo ni mwenzake. Anayepiga nje ya zamu huigharimu timu mikwaju 2, au shimo lenyewe kama wanashindana shimo kwa shimo.

Mipira minne ina uhuru zaidi, hata mmoja akichelewa mwenzake anaweza kuanza peke yake, naye akajiunga kati ya shimo na shimo. Ukali wake uko kwenye kadi. Katika mashindano ya handikapu kwa jumla ya mikwaju, kila matokeo lazima yaandikwe kwenye safu ya aliyeyapata, kabla ya kupunguzwa chochote, kwa maana 5 ya aliyepewa mkwaju wa kupunguziwa kwenye shimo hilo ni 4, na 5 ya mwenzake hubaki 5. Kadi isiyoonyesha matokeo ni ya nani huiondoa timu nzima mashindanoni.