Julio César Chávez: sekunde mbili na maneno mengi

Wapenzi wa ngumi wakikaa kijiweni, jina la Chávez halipiti kimya. Mmoja atasema hajawahi kutokea bondia kama yeye Mexico, mwingine atadai alibebwa. Nianze na la kubebwa, maana ndilo lenye kelele.

"Aliokolewa na mwamuzi." Tarehe 17 Machi 1990, Las Vegas, Meldrick Taylor wa Philadelphia alikuwa anamshinda Chávez. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa pointi 107-102 na 108-101 kabla ya raundi ya 12, ya mwisho, kwa hiyo angeweza kukimbia dakika zote tatu na bado akabeba mikanda. Wasaidizi wa kona yake wakamwambia anaihitaji raundi ile. Akaenda kupigana. Kuelekea mwisho likamfikia konde la kulia la Chávez, akaanguka. Aliinuka kwa msaada wa kamba, mwamuzi Richard Steele akahesabu hadi nane na kumuuliza kama yuko sawa. Akauliza tena. Taylor hakujibu, alikuwa anatazama kwenye kona yake, ambako kocha wake, Lou Duva, alikuwa ameshapanda ukingoni akipiga kelele. Steele akakata pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Mimi niko upande wa Steele, ingawa ningekuwa ndugu yake Taylor ningevunja kiti. Kazi ya mwamuzi ni kumtazama bondia, si saa, na huyu hakujibu. Tena wanaosema "kaibiwa" huishia ulingoni, hawafiki hospitalini: Taylor alikuwa amevunjika mfupa usoni na kumeza damu nyingi. Aliongoza kwa pointi huku akipondwa taratibu, raundi baada ya raundi. Hakurudi kuwa yule yule. Waliporudiana mwaka 1994, Chávez alimmaliza raundi ya 8.

Kupondwa huko ndiko kunakofuta dhana nyingine, kwamba Chávez alikuwa wa kuvamia tu, asiye na ufundi. Tazama miguu yake. Hakumfukuza mtu, alimzibia njia, hatua fupi fupi, hadi mpinzani anashtuka mgongo umegusa kamba. Hapo linakuja konde la kushoto la kupinda, chini ya mbavu, kwenye ini. Konde la ini si la kishujaa kulitazama kwenye televisheni, lakini aliyepigwa hupungukiwa pumzi na miguu, na raundi ya 9 hawi tena mtu wa raundi ya 2. Edwin Rosario, bondia mwenye ngumi nzito kutoka Puerto Rico, alilipata somo hilo Novemba 1987 hadi akasimamishwa raundi ya 11.

Na hapana, konde hilo la ini hakulivumbua yeye. Mexico ilikuwa na mabondia kama Kid Azteca, Rubén Olivares, Carlos Zárate na Salvador Sánchez kabla yake.

"Rekodi yake ilijazwa na madereva wa teksi wa Tijuana." Maneno hayo ni ya Mmarekani Greg Haugen, aliyoyasema kabla hawajakutana Februari 1993 kwenye uwanja wa Azteca, jijini Mexico. Watu zaidi ya 130,000 walikuja kushuhudia akiadhibiwa, akasimamishwa raundi ya 5. Baadaye akakiri kwamba basi madereva hao walikuwa wagumu kweli! Haki yake tumpe: mapambano mengi ya mwanzo, kule Culiacán na Tijuana, yalikuwa dhidi ya watu wasiojulikana. Lakini Rosario, Roger Mayweather, Héctor Camacho na Taylor hawakuwa madereva wa mtu.

Penye doa la kweli ni kwenye dai la "hakuguswa hadi 1994", yaani hakuwahi kushindwa. Machi 1981 alimwangusha Miguel Ruiz kengele ikilia, akaondolewa kwa kuvunja sheria. Meneja wake akalifuatilia, na tume ya ngumi ikageuza matokeo kuwa ushindi wake. Septemba 1993, akiwa na ushindi 87, alikutana na Pernell Whitaker mjini San Antonio. Majaji wawili walisema sare, na wa tatu akampa Whitaker. Wengi waliotazama walimwona Whitaker mshindi, nami nimo. Kipigo rasmi cha kwanza kilitoka kwa Frankie Randall miezi minne baadaye. Alimaliza na ushindi 107, vipigo 6 na sare 2, na mataji katika uzani wa kilo 59, 61 na 63.5. Si haba kwa kijana aliyekulia ndani ya behewa la treni lililotelekezwa, baba akifanya kazi reli.

La mwisho linaniuma kidogo. Husemwa kwamba kushindwa ndiko kulikomtupa kwenye kokeini. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alianza na pombe baada ya pambano la Rosario, yaani alipokuwa hakamatiki. Miaka yote ile ya mikanda na viwanja kujaa, tatizo lilikuwa tayari limeshahamia nyumbani. Alistaafu mwaka 2005, na ikabidi familia yake imuingize kliniki. Akatoka, akafungua kliniki zake za waraibu, Tijuana na Culiacán.