Homa inarudi, malaria haionekani: maswali kuhusu kuvimba kwa mishipa ya damu

Daktari, mwanangu hupata homa kila baada ya wiki chache. Malaria hamna, UTI hamna. Ni nini?

Mara nyingi ni maambukizi ya kawaida yanayofuatana, hasa mtoto akianza chekechea. Ila homa ikirudi kwa mtindo uleule na vipimo visione mdudu, kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili hujiwasha yenyewe. Kwa bahati mbaya, hapa Dar tumezoea kumaliza kila homa kwa dozi ya malaria au taifodi, hata majibu yakiwa safi. Wagonjwa hawa huzungushwa sana.

Mishipa ya damu inaingiaje hapo?

Kinga ina seli za mstari wa mbele zinazowahi kupambana kabla mdudu hajatambuliwa. Kwa wengine, mara nyingi kwa hitilafu ya jeni, seli hizo huamka bila adui na kumwaga kemikali za kuleta homa, kama intaleukini-1. Kemikali hizo zikivimbisha kuta za mishipa, njia ya damu hubanwa, damu inaweza kuganda, au ukuta ukalegea na kututumka. Hutokea katika ugonjwa wa Behçet, wenye vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyojirudia. Hutokea pia katika DADA2, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa kimeng'enya kiitwacho ADA2, uliotambuliwa mwaka 2014, ambao unaweza kumpiga mtoto mdogo kiharusi.

Nitazame dalili gani?

Vitabu vingi husema "wekundu", neno lisilosaidia sana kwenye ngozi yetu. Tafuta madoa ya zambarau au meusi yasiyofifia ukiyabonyeza, michoro kama wavu miguuni, vinundu vinavyouma. Kagua viganja, nyayo na ndani ya mdomo.

Kuna ugonjwa mmoja usiosubiri: Kawasaki, alioueleza daktari wa Kijapani Tomisaku Kawasaki mwaka 1967. Chanzo chake hakijulikani, lakini unavimbisha mishipa ya moyo wa mtoto. Homa ya siku 5 au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, mikono na miguu kuvimba, vipele, tezi ya shingo: mpeleke hospitali hata kama dalili hazijatimia zote. Dawa ya mshipani, imunoglobulini, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Atahitaji pia eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Hapa jijini hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Nimeambiwa nimpe prednisolone, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Naweza kununua tu duka la dawa?

Hapana, mama. Hutuliza haraka kiasi kwamba inaweza kuficha ugonjwa kabla haujajulikana. Ikitumika kwa muda mrefu hupandisha sukari na presha, na ukiikatisha ghafla mgonjwa anaweza kuzidiwa. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Tena si kila ugonjwa wa aina hii unaitaka.

Nije na nini kliniki?

Daftari: tarehe ya kila homa, joto lilifika ngapi, ilidumu siku ngapi. Picha za vipele kwenye simu, kwa kuwa siku ya miadi huwa vimeshapotea. Na majibu yote ya zamani, hata yale yaliyoandikwa "hakuna kitu".

Akilegea upande mmoja, akipata degedege, akipumua kwa shida au kuharisha damu, usisubiri kliniki. Nenda dharura.