Mtoto aliyechelewa kulia na kijana aliyeanguka mnazini: maswali kuhusu jeni na ubongo

Mwanangu alizaliwa hapa Mikindani, akachelewa kulia. Ukweni wanasema ni damu ya kwetu. Ni kweli?

Pole, mama. Mara nyingi sivyo. Huenda alikosa hewa kwa sababu uchungu ulikaa muda mrefu, kitovu kilibanwa au kondo liliachia mapema. Hayo hayaletwi na ukoo wa mtu, na inaniuma kuona mama akibebeshwa lawama juu ya uchovu wa uzazi.

Basi jeni zinahusikaje?

Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, zile za kutengeneza protini zikiwa kama 20,000. Ni kama sanduku la kanga: zote zimo, lakini leo umevaa doti moja. Seli ya ini hutumia hizi, ya ubongo zile, na ubongo unaokua hubadilisha kila hatua.

Ubongo ukikosa hewa, ndani ya dakika chache jeni zilizokuwa kimya huanza kazi; mojawapo huitwa fos. Saa zinazofuata huja za uvimbe, ambazo zikizidi huua hata seli zilizokuwa zimenusurika. Ndiyo maana mtoto huweza kuonekana ametulia, kisha degedege likaanza siku hiyohiyo. Usikubali kutoka naye wodini mapema. Baadaye huamka jeni za kukuza na kuunganisha upya seli za neva, kazi inayoendelea kwa miezi. Asipokaza shingo akifika miezi 4, au asipokaa mwenyewe akifika miezi 9, mpeleke akaanzishiwe mazoezi ya viungo.

Nimesikia watoto hao hupozwa. Nimwogeshe maji baridi?

Hapana, tafadhali! Kwenye hospitali zenye wodi maalumu za watoto mahututi, mtoto hushushwa joto hadi digrii 33 au 34 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa, akiwa kwenye mashine. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh ulionyesha kuwa kupoza hakukusaidia huko, tena vifo viliongezeka. Mtoto wako mweke kifuani, ngozi kwa ngozi.

Kaka yangu ni mkwezi, huku Lindi. Alianguka mnazini, akazimia, sasa anaongea vizuri. Inatosha?

Haitoshi. Uvimbe niliousema huja baadaye, na damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Mpelekeni leo Hospitali ya Sokoine. Walio Mtwara waende Ligula. Asipewe aspirini. Akitapika tena na tena, akasinzia kupita kawaida, akachanganyikiwa, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine au maji yakamtoka puani au sikioni, msingoje hata asubuhi.

Natarajia kubeba mimba. Nianze lini vidonge vya foliki?

Sasa, kabla hujashika mimba: mikrogramu 400 kila siku. Vidonge hivyo husaidia mfereji wa mtoto tumboni unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo ufunge vizuri, nao hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu bado tunadhani hedhi imechelewa tu.